Uvumilivu wa Nani?

Mvumilivu hula mbivu. Methali hii imefariji watu wengi katika dhiki, na ukweli wake hauna ubishi maadamu avumiliaye na alaye ni mmoja. Walakini uko mchezo ambao ndani yake methali hii hupasuka vipande viwili: mmoja huvumilia, mwingine hula. Mchezo huo ni mbio za farasi za masafa marefu. Swali lililo mbele ya wapenzi wake ni kama wafaa kukuzwa uwe shindano kuu la mataifa, lenye mabingwa na zawadi kubwa, au ubaki safari ya watu wapendao wanyama wao.

Mwanzo wake wa zama hizi ulikuwa mdogo. Mwaka 1955 Wendell Robie wa mji wa Auburn, California, pamoja na wenzake wachache, walivuka milima ya Sierra Nevada juu ya farasi, mwendo wa maili 100 kwa siku moja. Safari ile ikawa desturi, ikaitwa Tevis Cup. Kila amalizaye kabla ya saa 24 kupita, farasi wake akiwa mzima, hupewa bizimu ya fedha, wa kwanza na wa mwisho sawasawa. Katika mchezo huu kufika ni kushinda.

Watakao ukuzwe wana hoja ya kusikilizwa. Shindano kubwa huleta sheria, na sheria ni ngao ya mnyonge. Katika mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, njia hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande tabibu wa wanyama humkagua farasi. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, au mguu ukichechemea, farasi hutolewa. Ajiendeaye peke yake nyikani hana hakimu ila nafsi yake. Tena ubingwa wa dunia, ulioanza Rome mwaka 1986 na kufika Dubai mwaka 1998, umekutanisha mataifa yaliyo mbali, na umempa heshima farasi wa Kiarabu, ambaye wengi humwona hana mfano katika mbio hizi.

Lakini nguvu ya sheria hupimwa siku ya tamaa. Mwaka 1892 maofisa wa Ujerumani na wa Austria na Hungaria walishindana kati ya Berlin na Vienna. Mshindi alitumia saa 71 na zaidi. Farasi wake alikufa, na wengine wengi pia. Yasidhaniwe hayo kuwa mambo ya kale tu. Mwezi wa Machi 2015 Shirikisho lile lilisimamisha chama cha Falme za Kiarabu kwa ajili ya hali ya farasi na uvunjaji wa sheria, likakirudisha mwezi wa Julai. Mwaka 2018 huko Tryon, Marekani, mbio za ubingwa wa dunia zilivunjwa katikati kwa sababu ya joto na unyevu wa hewa.

Mwanadamu akimbiaye hata akazimia ametumia mali yake mwenyewe. Ampandaye farasi hutumia amana. Farasi hakuchagua safari, wala hajui thamani ya kikombe. Huenda kwa kuwa ameamini mkono ushikao hatamu, na utii huo ndio unaozidisha deni la ampandaye. Kwa hiyo wema mkuu wa mpanda farasi si kuvumilia, bali ni kujua kusimama, hasa ushindi unapoonekana kwa macho.

Je, fahari na huruma haziwezi kukaa pamoja? Zaweza, kama fahari itafundishwa adabu. Tangu mwaka 1964, katika safari ile ya California, kikombe kingine, Haggin Cup, hupewa farasi aliye katika hali njema kuliko wote miongoni mwa kumi wa kwanza. Mataifa yakikubali kuweka kikombe cha namna hiyo juu ya kile cha mbio, mchezo huu na ukue. Yasipokubali, ni heri ubaki mdogo. Farasi hali dhahabu. Haki yake ni kufika nyumbani na hamu ya majani yake.