Miiba ya Ua Wetu

Sisi wazee wa Nyamiaga twaijua Mwanzo sura ya 3 kwa mikono yetu. Mvua zikipita, ua wa michongoma umekwisha kuingia migombani, nasi twashika panga peke yetu, kwa kuona haya kuwaita vijana. Mwiba ukituchoma twaufuta kwa nguo tu. Kumbe pepopunda huingia hapo hapo! Heri tuoshe kwa maji na sabuni, twende hospitali ya Murgwanza.

Lakini tujiulize: Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, je, hakusema pia na yule mwenye mzigo? Tukikataa msaada, twamnyima jirani kazi ya Kristo. Jumamosi hii tutawaomba vijana wa kwaya wakate. Sisi tutapika ndizi.