Neno la Haki na Aliyelitamka

Katika darasa zetu huulizwa swali hili: neno la haki likitamkwa na mwenye kudhulumu, je, lashika au labatilika? Wengi hupenda kujibu upesi kwamba labatilika. Sisi hatuoni hivyo, na mfano wetu ni nchi ya Marekani.

Tarehe 4 Julai, 1776, wakuu wa nchi ile walitangaza kujitenga na mfalme wa Uingereza, wakaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba uhuru wao watoka kwa Muumba. Aliyeshika kalamu ni Thomas Jefferson, naye katika umri wake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Na miongoni mwa watumwa wa nchi ile walikuwamo Waislamu. Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, alifikishwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na kabla ya kusimulia lolote akatanguliza Suratul Mulk. Mwenye kuijua sura ile atafahamu kwa nini mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mtu alianza kwa kumtaja Mwenye milki yote. Alifariki ali bado mtumwa, asiuone mwaka 1865 utumwa ulipofutwa katika katiba yao.

Basi tamko lile lilikuwa uongo? Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alialikwa mwaka 1852 kuhutubu mjini Rochester kwa ajili ya sikukuu ya uhuru. Aliwauliza waliomwalika siku hiyo yamhusu nini mtumwa, na maneno yake yalikuwa makali. Lakini hakuwaambia walichane tamko lao, aliwataka walisimamie. Mtu akiisha kuandika "watu wote", hawezi tena kulirudisha neno mfukoni. Limekwisha kuwa deni, na mdai ni yule yule aliyenyimwa. Jefferson alikufa 1826, na deni likabaki.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Sisi wa pwani tulikuwa na neno kongwe kuliko la 1776. Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya kuua kwa kukosea na mojawapo ya kafara za kiapo, ikawawekea watumwa fungu katika zaka. Hayo yalisomeshwa misikitini, na nje ya msikiti watumwa wakilima mashamba ya waumini wale wale. Wako waliowaacha huru kwa hiari yao, Mungu awalipe. Lakini utumwa wenyewe ulifutwa chini ya mkono wa Waingereza: Unguja 1897, na pwani yetu ya Kenya 1907. (Kwamba Waingereza nao walikuwa na shabaha zao, hilo ni mlango mwingine.)

Na hadi leo yuko kijana anayekwenda kuposa, akaulizwa babu yake alikuwa wa nani kabla ya kuulizwa dini yake na tabia yake. Tukikemea, twaletewa habari za kufu. Twajua vitabu vyetu vya fikihi vimeitaja. Lakini tangu 1907 sheria ya pwani hii haimtambui mtumwa, na kijana anayeulizwa ni mtoto wa watu huru.