Saa za Ziada na Likizo ya Mfanyakazi

Gairo ipo kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, ambako mabasi na malori husimama mchana na usiku. Mpishi wa mgahawa huwasha jiko alfajiri, na mara nyingi huwa bado anasuuza masufuria usiku, kwa mshahara uleule.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu: anayepata shilingi 2,000 kwa saa hulipwa 3,000. Kazi ya sikukuu hulipwa maradufu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo. Ni haki, si hisani ya mwajiri.

Kuandika saa za kuingia na kutoka kila siku humpa mfanyakazi ushahidi. Mazungumzo yakishindikana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jasho la mtu lina thamani, lilipwe kikamilifu.