Nilimwambia Mjomba Mvua Ipo



Vijana wenzangu, leo nina jambo la kuungama hapa, ingawa kwa padri nilishakwenda.

Mimi napenda sana mambo ya hali ya hewa. Sikusomea, napenda tu. Nyuma ya nyumba yetu huku Kwaluguru nina kipima mvua nilichotengeneza kwa chupa ya maji na rula ya shule, na daftari ninaloandika kila siku saa tatu asubuhi. Taarifa ya msimu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, mimi ndiye wa kwanza kuisoma, na mimi ndiye ninayeituma kwenye kundi la vijana wa kigango. Basi watu wakaanza kuniita "TMA". Jina likanipendeza. Shida ilianzia hapo.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, baada ya ibada ya Jumapili, mjomba wangu alinisubiri chini ya mwembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hebu niambie, vuli ya mwaka huu ikoje?"

Kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kupita njiani. Ukoo unafuata upande wa mama, na neno lake ni zito. Sasa yeye ndiye ananiuliza mimi, mbele za watu. Taarifa nilikuwa nimeisoma. Ilisema kwa upande wetu uwezekano mkubwa ni mvua za wastani hadi juu ya wastani, na chini yake kulikuwa na onyo kuhusu vipindi virefu vya ukavu. Lakini watu walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mimi ni "TMA" bwana. Nikasema, "Mjomba, mwaka huu wewe panda tu. Mvua ipo, tena ya kumwaga."

Mjomba aliuza mbuzi wawili, akakodi ekari tatu zaidi, akapanda mahindi matupu. Mkaza mjomba alitaka upande mmoja wa shamba wapande mihogo kama kawaida yao. Mjomba akamwambia haina haja, mtoto wetu amesema.

Mvua ikaja kweli. Wiki kadhaa ilinyesha vizuri hadi nikajisifu. Halafu ikakata. Daftari langu lina siku 24 za sifuri zinazofuatana, na siku hizo ndizo mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele. Aliyewahi kulima anajua maana yake. Mvua iliporudi, ilirudi kwa nguvu, lakini ilinyeshea mabua.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: nilipojumlisha milimita zote za msimu, zilifika wastani. Utabiri haukukosea. Mjomba hakuvuna hata magunia mawili.

Nilipokwenda kumpa pole, yeye ndiye aliyenifariji. "Mungu hakupenda, mpwa," akasema, akaniletea kigoda. Nikiwa njiani kurudi, neno lile likaanza kuniwasha. Aliyesema mvua ipo ya kumwaga si Mungu. Ni mimi.

Je, kutabiri ni dhambi?

Huku kwetu swali hili si la vitabuni tu. Tuna wazee wanaosikiliza dudumizi akilia, wanaotazama mbuyu ukichipua na upepo unaotoka upande wa bahari. Tuna wataalamu wenye satelaiti. Na tunajua pia watu wanaodai kuifunga na kuifungua mvua kwa malipo. Je, wote tuwatie kapu moja?

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliligusa jambo hili katika karne ya 13. Katika Summa yake anasema kuna mambo yanayotokana na sababu za asili ambazo mara nyingi huleta matokeo yale yale, ila wakati mwingine hazileti. Mambo hayo mtu anaweza kuyakisia kwa kuchunguza sababu zake, na mifano anayoitoa ni mvua na ukame, na daktari anayekisia mgonjwa atapona au la. Huo kwake si uaguzi. Uaguzi ni kujitwalia ujuzi wa mambo yajayo ulio wa Mungu peke yake. Katekisimu nayo, namba 2115, inatutaka tujikabidhi kwa Maongozi ya Mungu na kuacha udadisi mbaya wa mambo yajayo. Lakini hapo hapo inakumbusha kwamba kutojiandaa kunaweza kuwa ukosefu wa uwajibikaji.

Kwa hiyo mzee anayetazama mbuyu na mtaalamu anayetazama bahari wako upande mmoja: wote wanasoma alama katika uumbaji. Hata Bwana Yesu, katika Luka 12, hakuwakemea watu kwa kulitazama wingu la magharibi na kujua mvua inakuja. Aliwakemea kwa kuwa waliyajua hayo na hawakutaka kuujua wakati waliokuwa nao.

Basi dhambi yangu haikuwa kutabiri. Iko wapi?

Neno nililolikata

Tuangalie kwanza utabiri wa msimu ni kitu gani. Wataalamu hutazama bahari. Maji ya Pasifiki ya katikati na mashariki yakipata joto kupita kawaida, hiyo ni El Nino. Bahari ya Hindi nayo ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli yetu mara nyingi huongezeka. Mwaka 1997 hayo mawili yalikutana, na wazazi wetu wanaikumbuka vuli ile mpaka leo. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi iliongoza yenyewe, bila El Nino kubwa, na mwezi Oktoba mkoa wetu wa Tanga ulipata mafuriko yaliyokata barabara na kuua watu. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa mojawapo ya zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, lakini haikuja kama ile.

Ndiyo maana utabiri wa msimu hutolewa kwa uwezekano. Tuseme ni asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini ya wastani. Maana yake, katika misimu kumi yenye bahari kama hii, miwili itakuwa mikavu. Ikitokea hiyo miwili, hakuna aliyedanganya. Na namba hizo ni za jumla ya msimu mzima katika eneo kubwa. Hazikuambii mvua itakata lini kwenye shamba la mjomba.

Mimi nililichukua neno "uwezekano" nikalikata, na lile onyo la ukavu nikalitupa. Kwa nini? Si kwamba sikuelewa. Nililikata kwa sababu neno "labda" halikupi heshima chini ya mwembe. Anayesema "labda" huonekana hajui, na anayesema "mvua ipo" huitwa TMA. Kumbe nilimpa mjomba uhakika ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Ukimpa mtu kitu ambacho huna, umemdanganya, hata kama kila neno ulilosema lilikuwa na chanzo.

Tena makosa hayana uzito sawa kila mahali. Ukame na njaa ya miaka ya 1830 iliwatoa watu wengi Uzigua, wakaishia utumwani Somalia. Baadhi ya wajukuu zao wamerudi na kupewa uraia, wanaishi Chogo, hapa hapa Handeni. Wengine wamefika Marekani kama wakimbizi, kwenye miji ambako kila mwaka watu hubishana theluji ya msimu wa baridi itakuwa nyingi au kidogo. Mbashiri wa kule akikosea, huenda mtu amenunua koleo la theluji bure. Huku kwetu akikosea, mtu amekwisha kula mbegu. Kadiri anayekusikiliza anavyoweza kupoteza zaidi, ndivyo unavyodaiwa uangalifu zaidi katika ulimi wako.

"Lakini mkulima anataka jibu"

Nilipomweleza katekista wetu haya, alinipinga kidogo, na nadhani alikuwa na haki. "Sasa ungemwambia asilimia 45, angefanya nini nazo? Mkulima hapandi asilimia. Anapanda au hapandi. Wewe ungekuwa umejiosha mikono tu kama Pilato."

Neno hilo lilinikaa. Ni kweli, unaweza kusema ukweli wote kwa namna ya kujikinga, ili mambo yakiharibika useme "nilikwambia". Huo pia si upendo.

Nikarudi kwa Yosefu, Mwanzo 41. Alipomweleza Farao kuhusu miaka saba ya shibe na saba ya njaa, hakuishia hapo akaomba ujira wake. Alitoa mpango papo hapo: wekeni akiba sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Na yeye mwenyewe akabeba kazi ya kuusimamia. Yosefu alikuwa na ufunuo wa Mungu, na bado hakuwaachia watu habari tupu. Sisi wenye asilimia 45 tutaachaje?

Thomas wa Akwino anasema kuona mbele ni sehemu ya fadhila ya busara. Tazama, ni sehemu ya busara, na busara ni ya kutenda, si ya kujua tu. Jibu ambalo mjomba alistahili lilikuwa hili: "Mjomba, dalili ni nzuri, ila kuna uwezekano wa kukatika katikati. Usiuze mbuzi wote wawili. Mkaza mjomba ana haki kuhusu mihogo. Tafuta mbegu inayokomaa mapema, na weka choroko upande mmoja." Ni jibu refu, halina sifa, na lingemwacha na chakula.

Na "Mungu akipenda"?

Mtume Yakobo, sura ya 4, anatufundisha kuweka mapenzi ya Bwana mbele ya kila mpango wetu. Tunalisema neno hilo kila siku. Lakini nimegundua linaweza kusemwa kwa njia mbili. Ukilisema kabla ya kupanda, ni unyenyekevu: nimefanya sehemu yangu, na matokeo si yangu. Ukilisema baada ya hasara ili kuficha uzembe wa mtu, ni kumsingizia Mungu. Mjomba alilisema kwa imani yake na kwa huruma kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa tayari kulipokea kama maficho.

Pia usidhani utabiri unaifuta sala. Kanisa lina sala za kuomba mvua ndani ya Misale, na tunaziomba huku tukijua bahari inasemaje. Hatuombi kwa sababu hatujui. Tunaomba kwa sababu sisi ni watoto na yeye ni Baba.

Nilirudi kwa mjomba baada ya kuungama. Nikamwambia yote, pamoja na onyo la ukavu nililolificha. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Nilijua wewe si Mungu. Ila nilijua umesoma." Hakuongeza kitu, na mimi sikuwa na la kujibu. Masika iliyofuata nilishika jembe kwenye shamba lake, siku za Jumamosi, mpaka palizi ya pili ikaisha. Mbuzi bado hawajarudi.

Kijana mwenzangu, huenda wewe si mtu wa mvua. Lakini kuna mtu anakuuliza: biashara hii italipa? Kozi hii ina ajira? Huyu mchumba atafaa? Kabla hujajibu, jiulize maswali matatu. Ninajua kiasi gani kweli? Huyu atapoteza nini nikikosea? Na je, niko tayari kuwa naye siku hiyo?

Tuombe: Ee Bwana wa mvua na jua, utupe ulimi unaokubali kusema "sijui", na mikono inayobaki shambani mvua inapokata. Amina.