Vinasaba vya Nakivale ni Amana



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Misiera, Nakivale. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekimbia vita, aliniambia halali usiku. Akifumba macho anawaona waliouawa. Nikamjibu haraka: "Mama, zidisha dhikri. Huo ni udhaifu wa imani." Akanyamaza. Nikajiona nimetoa nasaha.

Njiani kurudi chuoni, nikisubiri basi Mbarara, nilisoma kwenye simu utafiti uliofanyika Nakivale hiyohiyo. Mwaka 2010 jarida la Biological Psychiatry lilichapisha uchunguzi wa wakimbizi 424 walionusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Iris-Tatjana Kolassa na wenzake walichunguza jeni iitwayo COMT, inayohusika na kuvunjwa kwa dopamini katika ubongo. Waliona kwamba kadiri mtu alivyopitia ya kutisha mengi, ndivyo hatari ya maradhi ya kiwewe ilivyozidi. Wenye aina fulani ya jeni hiyo walikuwa hatarini hata kama waliyopitia ni machache.

Basi nilimdhulumu yule mama. Mzigo alioubeba niliugeuza kuwa dosari ya imani yake. Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu? Sisemi dhikri haina kazi. Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha pia kutafuta dawa.

Hapo likanijia swali jingine. Vinasaba vya watu wa Nakivale vimeingia katika elimu ya dunia nzima. Je, wenyewe wamerudishiwa nini? Mtu atasema: waliridhia, wakatoa, yamekwisha. Mimi naona aliyekupa siri ya mwili wake na ya maisha yake amekuwekea amana, na amana haiishi kwa kuchapishwa.

Tuwe waadilifu: kuna kilichorudi. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha jaribio la tiba lililofanyika Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa. Katika kundi lililosaidiwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, takriban 70 kati ya kila 100 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi lililofuatiliwa tu bila tiba, walikuwa takriban 37.

Tiba hiyo huanza kwa kumsikiliza mtu, na mimi sikumsikiliza.

Ndugu msomaji, sisi tunaoweza kusoma majarida haya tunadaiwa kuyarudisha nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Nikirudi Misiera nitamwomba mama yule radhi, nikae nimsikilize, kisha nimsindikize kituo cha afya. Dhikri tutaileta pamoja, mimi na yeye.

Wabillahi tawfiq.