Deni la Kazi Isiyoonekana

Wenzetu wanaotumia kompyuta kuukuu huenda wameiona programu ya kuandikia iitwayo Vim. Haina picha wala urembo. Ni maandishi matupu juu ya kioo, nayo huamrishwa hasa kwa vibonye vya kibodi. Kwa kuwa ni nyepesi, hufanya kazi hata katika mashine dhaifu zilizokwisha kushindwa na programu kubwa. Twaipata bure. Ila mara nyingi tuifunguapo, kabla hatujaandika neno, hutokea ombi fupi la Kiingereza kwamba tuwasaidie watoto maskini wa Uganda.

Ombi hilo lina asili yake. Mtungaji wa Vim, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea, ya maji na usafi, katika kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mahali ambapo UKIMWI uliacha mayatima wengi. Hakudai bei ya programu yake. Aliwaomba waitumiao wawakumbuke watoto hao. Aliitunza hadi alipofariki Agosti 2023.

Basi, je, aliyepewa chombo bure ana deni? Wapo wasemao hana, maana zawadi yenye deni si zawadi tena. Hoja hiyo ina nguvu, wala hatuipuuzi. Lakini miaka zaidi ya 30 ya kusahihisha na kutengeneza ilitumika kwa faida yetu. Mwenye kazi alipokataa malipo hakulifuta deni. Aliligeuza tu, likaelekea kwa mwingine.

Tena, si kila kazi iliyofichika imefichwa kwa hiari ya mwenyewe. Mjini Nairobi, mwaka 2021, watu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa wasome maandishi ya ukatili na uchafu na kuyatia alama, ili programu za akili bandia zifundishwe kuyaepuka. Hao hawakuwa wakitoa zawadi. Wala hapana ombi litokealo kiooni, tufunguapo programu hizo, kutukumbusha kwamba wapo. Wanafunzi wetu husema, "Mashine imejibu," nasi, kwa kuwa sarufi ni sahihi, huwapa alama zao tukaendelea na somo.