Modemu Aliyoinunua Mwalimu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro alikuwa na kompyuta ya mapajani iliyozeeka hata Windows ikailemea. Mpwa wake, binti anayesomea kompyuta, akamwekea mfumo wa Linux. Mashine ikapata nguvu mpya. Kilichobaki ni intaneti ya nyumbani.

Akaenda dukani peke yake. Kijana wa duka akamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akamwonyesha modemu ya USB, ya bei ya chini kuliko vifaa vyote vilivyokuwa pale. Mwalimu akauliza bei, akauliza kasi. Habari za kompyuta yake hakuzitaja, wala hakuulizwa. Akalipia modemu pamoja na kifurushi cha mwezi.

Nyumbani modemu ikawasha taa, lakini kompyuta ikaiona kuwa ni diski tu, na ndani ya diski mna programu za Windows. Modemu nyingi za USB huundwa hivyo: hujitambulisha kwanza kama CD yenye draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, kisha ndipo hugeuka kuwa modemu. Kwenye Linux ipo programu iitwayo usb_modeswitch inayozigeuza, na nyingi huitii. Ya mwalimu haikuitii.

Akairudisha. Kijana akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, ikafanya kazi. "Modemu ni nzima, mwalimu, na boksi limeshafunguliwa. Siwezi kuipokea." Hakusema uongo. Mwalimu akabaki na kifaa kizima kisichomfaa, na kifurushi kikaisha muda wake bila kutumika. Rahisi ghali.

Mpwa wake alipokuja kumtembelea akamwambia, "Mjomba, modemu ile inaidai kompyuta draiva. Ruta haidai kitu, kazi yote inaifanya yenyewe." Wakanunua ruta ya 4G yenye nafasi ya laini na matundu ya waya wa LAN. Waya ulipochomekwa, intaneti ikaja bila kusakinisha chochote. Mipangilio wakaifanya kwenye kivinjari, kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Waya huo unafuata kanuni za Ethaneti, ambazo taasisi ya IEEE ilizifanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1983. Ndiyo maana Linux, FreeBSD, Mac na Windows zote zinaelewana nao.

Funzo ni hili: kifaa cha intaneti huchaguliwa kwa kuitazama kwanza kompyuta itakayokitumia, bei hufuata baadaye. Mwenye mfumo usiotumiwa na wengi autaje dukani kabla ya kutoa pesa, na achukue ruta yenye tundu la LAN, kwa kuwa ruta nyingi ndogo za mfukoni hazina. Akitaka Wi-Fi, ahakikishe ruta inatoa masafa ya GHz 2.4, maana kompyuta nyingi za zamani hazipokei ya GHz 5. Aulize pia kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja wa simu.

Anayenunua adapta ya Wi-Fi ya USB asitosheke na jina lililo kwenye boksi. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza ilikuwa na chipu ya Atheros, ambayo Linux inaielewa vizuri. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, na waliozoea toleo la kwanza wakapata taabu kuitumia. Kwa hiyo soma namba ya toleo, kisha utafute chipu iliyomo.

Zaidi ya yote, nenda dukani na kompyuta yako. Omba kifaa kichomekwe humo, ufungue ukurasa mmoja wa intaneti, ndipo ulipe. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.